Pad Dirishani

Jumapili, 2 Machi

Tumefungwa 3–2. Na hatukufungwa, tumeibiwa. Kipa wetu Bosire alidaka mpira vizuri, akaukumbatia, halafu akauviringisha hadi miguuni mwa adui. Mimi nilibonyeza kitufe cha kupiga mbali! Gemu ikaamua yenyewe. Dakika ya tisini, kama kawaida yake.

Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Sylvanus, mume wangu, yuko kazini Nakuru, na nikimpigia simu juu ya gemu anasema, si ni mchezo tu, Persis. Mchezo tu. Alipokuja likizo Desemba nilimfunga 5–1 mbele ya marafiki zake, akasema pad yake ilikuwa mbovu. Kweli pad moja ni mbovu. Ile mbovu nilikuwa nimeishika mimi.

Pad zetu za kuchezea ni mbili. Nyeusi kifimbo chake kimelegea, kinavuta kushoto. Mchezaji wangu nikimwacha kidogo anaanza kutembea mwenyewe kuelekea kona, polepole, utafikiri ameitwa. Ya bluu ni nzima. Ya bluu anashika mzee.

Mzee ni Angwenyi, baba mkwe wangu. Ujanani alichezea timu ya kiwanda cha chai huko Nyamira, namba sita. Tangu mama mkwe afariki mwaka juzi alinyamaza kabisa. Salamu asubuhi, salamu jioni, basi. Halafu jioni moja mwezi wa kwanza nilikuwa nacheza dirisha likiwa wazi, namtukana refa, nikasikia sauti nje. "Usimpe huyo. Mpe ule wa upande ingine, ako peke yake." Nikampa. Goli. Nilikaa na pad mkononi nikaona machozi yananitoka, na sikujua ni ya nini.

Lakini haingii ndani. Hawezi. Ni ensoni, ile heshima ya kwetu: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hashikani mkono na mkamwana, na maneno ya mwili hayapiti kati yao hata kidogo. Kwa hivyo analeta kigoda chake, anakaa nje chini ya dirisha. Mimi nimegeuza TV imtazame. Pad haina waya, inafika hadi nje bila shida. Nikimpa, naiweka kwenye kizingiti cha dirisha, narudi nyuma, ndipo anaichukua. Akimaliza anairudisha hapo hapo.

Tunacheza upande mmoja, mimi na yeye dhidi ya mashine. Timu tumeiunda wenyewe. Kiogoro FC. Tulianza ligi ya chini kabisa na sasa tuko daraja la pili. Tukipanda tena, tunaingia ligi kuu.


Jumanne, 4 Machi

Tumeshinda 4–0! Lazima niandike na siku kama hizi, nisije nikasoma baadaye nikadhani ni kilio tu.

Goli la tatu. Mpira wa adhabu, mbali kidogo. Mimi hupiga moja kwa moja, kwa nguvu, na hugonga ukuta. Mzee akasema nisipige, niguse tu kando, nimwachie yeye. Nikagusa. Akangoja. Adui watatu wakamkimbilia, naye bado anangoja, mimi roho juu. Halafu akausukuma katikati yao, taratibu, kwa Okemwa ambaye mimi sikuwa hata nimemwona. "Buya mono," akasema huko nje, vizuri sana, na hakuwa ananisifu mimi. Alikuwa anausifu mpira.

Vidole vyake ni vizito. Kitufe cha kukimbia bado anakisahau, wachezaji wake wote wanatembea kama wanaenda kanisani. Lakini anaona uwanja. Mimi nina vidole, yeye ana macho. Hicho ndicho kitu kizuri ambacho gemu hii inacho, na hakuna anayekijua isipokuwa sisi wawili.


Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Na kwenye gemu pia mvua! Wale wa kwenye TV hawalowi. Mzee amelowa hadi kwenye soksi. Nimemwambia, baba, basi simama tu mlangoni, usipite. Akanitazama kana kwamba nimetukana. Akafungua mwavuli, akaushikilia kwa shingo na bega ili mikono ibaki na pad. Mtu mzima, shemasi wa kanisa, ananyeshewa nje ya nyumba yenye makochi matatu yasiyo na mtu.

Tumetoka sare 1–1. Penalti waliyopewa sitaiongelea. Okemwa hakumgusa. Nilirudia kuitazama mara kadhaa na hakumgusa!

Halafu sauti yake. Alizoea kuwapigia wenzake kelele uwanja mzima, hajui kusema polepole. Nikitoka kazini, nikifika tu getini, anaanza kutoka huko kwake: "Persis! Pad imepata moto?" Anamaanisha chaji. Boma zima linajua tunacheza saa ngapi.


Jumapili, 9 Machi

Jambo la ajabu leo. Damaris, jirani yetu, mke wa binamu ya Sylvanus, alikuja kuniomba mbegu za mboga. Nilikuwa ndani nazitafuta. Mzee akafika kwenye kigoda chake, hakumwona Damaris nyuma ya ua. Akaita:

"Persis, pad yangu iko wapi? Ile ya bluu. Hii nyeusi ni mbaya, inavuta upande moja."

Nilipotoka na mbegu, Damaris hakuwepo. Ameenda bila mbegu! Nimemwita akiwa tayari njiani, hakugeuka. Sijui nimemkosea nini. Tulishinda 2–0 lakini nilikuwa nawaza hilo tu, nikakosa goli la wazi.


Jumanne, 11 Machi

Sasa nimejua. Damu inanichemka hadi kalamu inatoboa karatasi.

Nimekuwa dukani Mosocho tangu asubuhi, nauza dawa za ng'ombe na mbegu. Wanawake wawili wa kanisani waliingia, wakaniona, wakaanza kunong'onezana mbele ya dawa za kupe. Walipotoka nikamwuliza Sheila, tunayefanya naye kazi, kuna nini. Sheila alikataa kusema. Nikambana. Akasema akitazama chini: "Wanasema mzee wenu anakuitisha pad. Kwa dirisha. Hata anachagua rangi."

Pad. Pad za wanawake, za kila mwezi!

Nilicheka kwanza. Nilicheka nikashika kaunta. Kisha nikaona Sheila hacheki, nami nikaacha. Mzee Angwenyi, ambaye hata kuitaja sabuni ya kuoga mbele yangu hawezi! Na huyo Damaris hakuuliza. Angepiga hatua mbili tu angeona TV. Aliona ni afadhali akimbie na maneno.


Jumatano, 12 Machi

Nani atamwambia mzee? Nimefikiria siku nzima.

Mimi siwezi. Nikilitamka hilo neno kwa maana hiyo mbele yake, nitakuwa nimefanya kweli kile wanachosema. Sylvanus ni mwanawe, ensoni iko kati yao vile vile. Mzee Ogoti, kaka yake mkubwa, angeweza, ni wa rika lake. Lakini mzee Ogoti mwenyewe ndiye amekasirika kuliko wote.

Basi nikajaribu kumbadilishia neno. Nimeweka pad dirishani, nikasema, baba, hii siku hizi inaitwa rimoti.

"Rimoti ni ya kufungua TV," akasema.

Au kontrola, nikasema.

"Si wewe mwenyewe uliniambia inaitwa pad?"

Ndiyo. Mimi mwenyewe.

"Basi ni pad," akasema. Na akaendelea kuita pad jioni nzima, kwa sauti ile ile, na kila akiita nilitazama kwenye ua. Nimefungisha magoli mawili ya kijinga. Nyeusi nayo ikanipeleka kushoto mpaka nikatoa mpira nje. Mzee akaniuliza kama ninaumwa!


Ijumaa, 14 Machi

Sylvanus amepiga simu kabla jua halijatua. Mzee Ogoti amemwambia. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Ananiuliza kwa nini baba yake anakaa dirishani kwangu kila jioni.

Nikamweleza yote, pad ni nini, Damaris alisikia nini. Akasema anajua pad ni nini, ni yeye aliyezinunua. Nikasema basi mwambie baba yako atumie neno lingine.

"Mimi nimwambie baba hiyo maneno? Persis, uko na akili kweli?"

Kwa hivyo suluhisho lake ni hili: anakuja wiki ijayo kuchukua mashine. Aende nayo Nakuru. Kiogoro FC yote imo ndani ya mashine hiyo, mechi zote tangu Januari. Nikamwambia hivyo. Akasema, si ni mchezo tu.


Jumapili, 16 Machi

Kigoda hakikutoka leo.

Jana, Sabato, kanisani ilikuwa meza ya Bwana. Mzee amehudumu kwenye meza hiyo miaka nenda rudi. Alisimama na wenzake kama kawaida, mmoja akaja akamnong'oneza, na mzee akarudi kuketi. Hawakumwambia kwa nini. Wamemwambia apumzike kidogo. Apumzike na nini? Nilimwona akitazama mikono yake.

Leo nimefungua dirisha, nimewasha TV, nimeongeza sauti ya mashabiki. Nimeweka ya bluu kwenye kizingiti. Amepita kwenda kwa ng'ombe, akasema "Muko salama," akapita. Salamu asubuhi, salamu jioni. Tumerudi pale pale.

Sikucheza. Naweza kucheza peke yangu, nina vidole. Sikutaka. Nimekaa nikitazama ile pad dirishani hadi ukungu ukaingia, na nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Wanajua alivyokuwa baada ya mazishi. Wote wanajua! Walikuwa wanasema huyu mzee atamfuata mkewe. Sasa amepata kitu cha kumfanya apige kelele tena, na wao wanapendelea anyamaze.


Jumanne, 18 Machi

Nimeenda kwa Damaris. Nimebeba pad mbili ndani ya mfuko. Nikazimwaga mezani kwake. Nikasema, hii ni pad, na hii ni pad, shika, angalia ile nyeusi inavyovuta kushoto.

Alizitazama muda mrefu. Nikafikiri sasa ataomba msamaha. Akasema, hata kama ni ya gemu, kwa nini baba mkwe akae dirishani kwako? Na kwa nini mke wa mtu acheze mpira na mzee badala ya kutafuta mtoto.

Hapo ndipo nimeelewa. Neno walilipata tu kama kisingizio. Nimekusanya pad zangu nikatoka bila kumjibu. Majibu yote mazuri yamenijia njiani.

Jioni ndiyo hii. Nilikuwa napika, dirisha wazi. Nikasikia kigoda kikiburutwa. Hakuita. Nikafuta mikono, nikaweka ya bluu kwenye kizingiti, nikarudi nyuma. Akaichukua. Hatukusema kitu kipindi cha kwanza chote. Okemwa alipewa kadi nyekundu kwa kosa la mtu mwingine, kabisa, mtu mwingine ndiye aliyecheza rafu! Nikapiga kelele. Na huko nje mzee naye akapiga kelele. "Refa, wewe! Uko na macho ya nini?"

Tumeshinda 1–0 tukiwa wachezaji kumi. Imebaki mechi moja. Tukiishinda tumepanda ligi kuu. Mzee akasema tusiicheze leo, tumechoka, tutaicheza Jumapili tukiwa na nguvu. Sikumwambia kwamba Sylvanus anakuja Ijumaa. Nilishindwa.


Ijumaa, 21 Machi

Amefika. Hajakaa, hajanywa chai. Amechomoa nyaya, amefunga mashine kwa taulo langu, ameisimamisha kando ya begi lake. Halafu amefunga dirisha na kupigilia msumari. Msumari! Nikamwuliza hewa itapita wapi. Akasema nisimtie aibu zaidi.

Nikamwuliza aibu gani hasa, aiseme. Hakuisema. Akasema Jumapili wazee wanakaa na baba, wamalize jambo hili, naye Jumapili hiyo hiyo atarudi Nakuru na mashine.

Sylvanus si mtu mbaya. Naandika hilo kwa shida. Alipokuwa anapigilia msumari hakutazama upande wa nyumba ya baba yake hata mara moja.

Alitafuta pad. Nyeusi ameipata juu ya kochi. Ya bluu hajaipata. Amefungua droo, amepindua mito, amechungulia chini ya kitanda. Nimemwacha atafute. Iko kwenye kabati langu, ndani ya ile pakiti kubwa ya pad zangu zenyewe, katikati kabisa. Aliifikia ile rafu, akaona pakiti, akarudisha mkono haraka na kufunga kabati.


Jumamosi, 22 Machi

Sabato. Ya gemu siandiki. Mzee aliketi mstari wa nyuma. Wimbo hakuimba.


Jumapili, 23 Machi

Naandika nikiwa chumbani, daftari juu ya goti. Wako nje uani, karibu kabisa na dirisha, kila kitu kinasikika. Mzee Ogoti, wazee wawili wa kanisa, Sylvanus. Damaris amekuja kusaidia kupeleka chai, hakuna aliyemwomba. Mzee wangu ameketi kwenye kigoda chake. Nilimwona kabla sijaingia, amevaa koti lake la kanisani.

Wameomba. Wameongea juu ya mvua na bei ya majani chai. Sasa mzee Ogoti ameanza. Anasema kuna mambo.

Mzee wangu anauliza, mambo gani.

Anasema, mambo yenyewe. Yale watu wanasema.

"Watu wanasema nini?"

Kijiko kinagonga kikombe.

Mzee mmoja wa kanisa anasema ni jambo la heshima. Mwingine anasema ni jambo la mdomo. Mzee wangu anawaambia kama ni pombe, hanywi. Kama ni mpaka wa shamba, mawe yako pale pale alipoyaweka baba yao. Nyumba ya mwanawe hajawahi kuingia, hata siku ile ya mvua. "Mulinitoa kwa meza ya Bwana. Semeni tu, nimekosa wapi?"

Hakuna anayesema! Watu wazima wanne. Walisema sokoni, walisema kanisani, walisema kwa simu hadi Nakuru. Leo ameketi mbele yao, anawauliza, na hakuna mwenye mdomo. Nimesimama, nimekaa, nimesimama tena.

Sylvanus amekohoa. Anasema, baba, ni ile kitu. Ile ya dirishani.

"Kitu gani?"

Ile unaitisha.

Halafu mzee wangu, polepole, kama mtu anayeuona mpira uliokuwa umempotea:

"Pad?"

Kikombe kimeanguka. Ni Damaris, nadhani. Mzee Ogoti anasema, ndugu yangu, ndugu yangu, usiendelee.

"Ni pad munaongea? Wiki mbili yote, ni pad? Kuna ubaya gani na pad?"

Hakuna anayemjibu. Na hawatamjibu. Wataondoka hapa wamenywa chai, naye atabaki hajui, na mashine itaenda Nakuru, na kesho nitasikia salamu asubuhi na salamu jioni mpaka siku tutakapomzika. Nimefungua kabati. Nimetoa pakiti, nimepasua, nimechimbua ya bluu kutoka katikati. Nimeiwasha. Taa yake imewaka, bado ina chaji.

Anaita sasa. Kwa ile sauti yake ya uwanjani, mbele ya wote.

"Persis! Leta pad, hawa watu waione!"

Kizingiti cha kuiweka hakipo leo, dirisha lina msumari. Itabidi nipitie mlangoni, nimpe mkononi.